Upinde wa ratili 45 na mishale ya kuwindia: jibu kwa msomaji wa Urambo

Swali: Shikamoo mzee. Kaka yangu aliniletea upinde kutoka Afrika Kusini alikokuwa anasoma. Ni wa mbao, ncha zake zimepinda kwenda mbele, hauna magurudumu wala darubini. Umeandikwa ratili 45 kwa inchi 28. Mishale hakuja nayo. Hapa Urambo yupo fundi anayeunda mishale ya mti yenye vyembe vya misumari, na kwenye simu naona mishale ya kaboni inauzwa kwa dazeni, inapendeza sana. Nataka ya kuwindia: kanga, na hao nguruwe pori wanaochimbua karanga zetu. Babu yangu alikuwa mwindaji na podo lake tunalo mpaka leo. Ninunue ipi, na mingapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na mingapi, maana hilo ni jepesi: mitatu. Usinunue dazeni ya kitu chochote, iwe ya fundi au ya kaboni, mpaka mitatu ya aina hiyo imeruka kutoka kwenye upinde wako na ukaona kwa macho inakoangukia.

Watu wengi hudhani upote, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa mshale hutoka umenyooka kama risasi. Sivyo. Mshale umekaa ubavuni mwa upinde, si katikati yake, na upote unausukuma kwa nguvu kutoka nyuma. Ufito unapinda. Unapinda huku, unarudi kule, unaupita ubavu wa upinde kama nyoka anavyolipita jiwe, kisha unatulia hewani na kunyooka. Ufito mgumu mno haupindi vya kutosha, na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia utakimbilia kushoto. Ufito laini mno unapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Kwa hiyo mwenye kuchagua mshale ni upinde. Macho yako yanachagua rangi tu.

Hili nililipia nikiwa kijana. Nilinunua kwa msafiri mishale kumi na miwili ya alumini, mipya kabisa, nikaipigia shabaha kwenye gunia la matambara nyuma ya nyumba yetu Tabora. Yote ikawa inaenda kushoto, kiganja kizima. Nikabadilisha namna ya kusimama, nikabadilisha namna ya kuachia upote, nikajifundisha kulenga kulia ili ipige katikati. Miezi miwili nilijiharibia mkono nikiamini kosa ni langu. Siku niliyopiga mshale wa mti wa mzee jirani yetu, mshale uliopinda kidogo na manyoya yake yameliwa na panya, ukaenda katikati. Ile ya alumini ilikuwa imeundwa kwa upinde wa ratili 60 na zaidi, na wangu ulikuwa haufiki 45.

Sasa tuje kwenye upinde wako. Hiyo ratili 45 ni nguvu yake ukivutwa inchi 28, kipimo cha kiwandani. Wewe unavuta inchi ngapi? Chukua ufito mrefu, uvute polepole mpaka mahali unapotia nanga, iwe pembe ya mdomo au shavu, na mwenzako aweke alama ya kalamu pale ufito unapoupita uso wa mbele wa upinde. Vijana wengi wa kimo cha kawaida wakifanya hivyo hukuta inchi 26 au 27. Kila inchi inayopungua hupunguza ratili 2 hadi 3. Basi yawezekana mkononi mwako upinde huo ni wa ratili 42 au 43, na mshale utachaguliwa kwa namba hiyo, si kwa ile iliyoandikwa.

Ugumu wa ufito unapimwa, haukisiwi. Kwa mishale ya mti kipimo kinachotumika duniani ni hiki: ufito unalazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, yaani sentimita 66, katikati unaning'inizwa uzito wa ratili 2, yaani gramu 907, kisha unapima umebonyea kiasi gani. Huhitaji mtambo. Pigilia misumari miwili ukutani kwa usawa, sentimita 66 kati yake. Tia mililita 880 za maji kwenye chupa ya plastiki. Ukijumlisha chupa yenyewe na kamba unakaribia gramu 907. Nyuma yake gundisha rula. Ufito unaofaa upinde wa ratili 40 hubonyea takribani milimita 16 na nusu. Wa ratili 45, karibu 15. Wa 50, 13. Wa 60, 11. Ukitaka namba nyingine, gawa 26 kwa ratili unayoitaka. Jibu ni inchi za kubonyea.

Kwa upinde wako ningetafuta fito za kati ya 40 na 45, zije zikatwe urefu wa inchi 28 au 29 baada ya kujaribiwa, na kichwa cha gramu 8. Ukirefusha ufito kwa inchi moja ni kama umeulainisha kwa ratili 5 hivi, na kichwa kizito nacho kinaulainisha. Kwa hiyo usimruhusu mtu akukatie mishale kabla hujaijaribu. Ukishakata, hakuna kuunga.

Kaboni ina namba zake na huwapotosha wengi. Ukiona 500 au 600 ubavuni mwake, hiyo ni sehemu ya elfu ya inchi ambayo ufito umebonyea, kwa nguzo za inchi 28 na uzito wa gramu 880. Maana yake namba ikikua, ufito unalainika. Mtu anaona 300, anadhani ni dhaifu, ananunua, kumbe amenunua chuma. Kwa upinde wako, 600 yenye kichwa cha kawaida ingeruka vizuri, na 500 ingefaa ikiachwa ndefu na kuwekewa kichwa kizito cha gramu 12 au 13. Hiyo ya pili ndiyo ningeitaka kwa mawindo, na sababu ni podo la babu yako.

Litoe hilo podo, ushike mshale mmoja mkononi. Mara nyingi mishale ya zamani ya namna hiyo ni myepesi, na chembe chake ni chembamba. Umeshajiuliza kwa nini wazee walimwendea mnyama mkubwa na kijiti chepesi hivyo? Ni kwa sababu ya uchungu, ile sumu iliyopikwa na kupakwa shingoni mwa chembe. Kazi ya mshale ilikuwa kupenya ngozi tu na kuifikisha sumu kwenye damu; moyo wa mnyama ulisimamishwa na sumu. Mimi nawaheshimu wazee wale kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini sumu leo imekatazwa kisheria katika uwindaji, na nafurahi imekatazwa, maana nimeona mbwa na hata ng'ombe wakifa kwa mshale ulioachwa porini. Na kama mishale ya babu bado ina ukoko mweusi karibu na chembe, usiiguse kwa mkono wenye jeraha, usiinoe, na watoto wasiifikie. Sumu ya namna hiyo hukaa miaka mingi bila kufa.

Ukiiondoa sumu, mshale unabaki na kazi moja: kukata. Unatakiwa kupita ndani ya mapafu na kukata mishipa, mnyama aanguke baada ya sekunde chache bila kuteseka. Kwa kazi hiyo wepesi ni adui. Mshale mzito hutoka polepole kidogo lakini huhifadhi nguvu zake na hupenya. Mwepesi unakimbia, unagonga mbavu, unasimama. Hapo ndipo naona vijana wengi wanakosea: wanamwiga babu kwa umbo la mshale, huku wameacha kitu kilichoufanya mshale wa babu ufanye kazi.

Uzito wa mshale wapigaji wengi wanauhesabu kwa greni. Gramu moja ni greni 15 na kidogo. Kwa mawindo, weka greni 10 hadi 12 kwa kila ratili ya upinde. Ratili 43 zinakupa greni 430 hadi 520, yaani gramu 28 hadi 34, mshale mzima na kichwa chake. Usishuke chini ya greni 8 kwa ratili hata kwa mazoezi, kwa sababu mshale mwepesi mno hauchukui nguvu zote za upinde, na nguvu iliyobaki inarudi kwenye mbao. Ile dazeni inayopendeza kwenye simu, ikiwa na vichwa vidogo, mara nyingi haifiki gramu 20. Itakuvunjia zawadi ya kaka yako.

Nikuambie wazi kuhusu nguruwe. Mshale wa gramu 30 ukitoka kwenye upinde wako kwa mwendo wa mita 49 hivi kwa sekunde unabeba nguvu ya takribani juli 36. Namibia, ambako uwindaji wa upinde umewekewa viwango, hudai juli 34 kwa wanyama wadogo, 54 kwa wa kati na 88 kwa wakubwa. Kwa kipimo hicho upinde wako ni wa wanyama wadogo tu. Marekani yapo majimbo yanayokubali upinde wa ratili 40 kwa paa wa kule, kwa hiyo si kila nchi inahesabu sawasawa. Lakini nguruwe pori ana bega gumu na ngozi nene, akijeruhiwa hugeuka na kumvamia mtu, na mara nyingi hutembea usiku. Mimi nisingemwendea kwa upinde huo. Kwa kanga unatosha kabisa.

Kabla hujalipia chembe chochote cha kuwindia, nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, umwonyeshe upinde wako na umweleze unachotaka kufanya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inataka leseni kwa uwindaji. Kuingia na upinde na mishale kwenye pori la akiba au hifadhi ya taifa bila ruhusa ni kosa hata kama hujapiga kitu, na wewe uko jirani na Ugalla, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Najua Unyamwezini upinde mlangoni ni jambo la kawaida tangu siku za Sungusungu miaka ya 1980, kila mwanamume akitakiwa awe na wake. Huo ulikuwa ulinzi wa kijiji na mifugo. Haukupi ruhusa ya kuwinda. Suala la karanga pia lipeleke kwake, ni kazi yake. Mpaka upate jibu la maandishi, piga shabaha; mwaka mmoja wa kupiga gunia hautakudhuru.

Sasa niseme ninachokuchagulia. Anza kwa fundi.

Sisemi hivyo kwa mapenzi ya vya kwetu tu, ingawa nayo yamo. Kaboni ina sifa moja kubwa, ya kufanana: mitatu uliyoijaribu na tisa utakayoongeza ni ndugu, haipindi kwa mvua wala kwa jua. Lakini mshale wa mti wa kwetu una uzito unaoutaka tayari, ukivunjika unautengeneza mwenyewe, na zaidi ya yote unaweza kukaa uani kwa fundi na chupa yako ya maji ukachagua kutoka kwenye rundo lake. Huwezi kukaa kwenye simu na chupa ya maji.

Muulize fundi fito zake ni za mti gani na zimekauka muda gani. Mkole ni mzuri sana, nyuzi zake ni ndefu na haukatiki hovyo. Ufito unaotokana na chipukizi zima ni bora kuliko uliochongwa kutoka kwenye ubao, kwa sababu nyuzi zake zimekwenda na mti kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama umechongwa kwenye ubao, ufuate kwa kidole: nyuzi zikitoka nje ubavuni kwa mshazari, uache. Ufito wa namna hiyo siku moja utavunjika wakati wa kuachia, na kipande cha nyuma kitaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Nimemshika kijana mkono akitolewa kijiti cha sentimita nane. Fito zikauke kivulini miezi kadhaa, zifungwe pamoja zisipinde. Kupinda kidogo si kasoro. Utaupasha ufito moto juu ya makaa na kuunyoosha kwa mikono. Uviringishe juu ya meza bapa na utaona unapoyumba.

Chota fito kumi na tano au ishirini kwenye rundo, zipime zote kwa chupa, uweke kando zile za milimita 15 hadi 16 na nusu. Kisha zipime uzito. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha, na kama huna, mwombe sonara, mizani yake ni sahihi kuliko zote sokoni. Mishale ya kundi moja isipishane zaidi ya nusu gramu hivi. Fundi mzuri hatakasirika. Fundi akikasirika unapopima, mshukuru na uondoke.

Kitu ambacho karibu kila mtu anasahau ni pengo la nyuma, pale upote unapoingia. Mafundi wetu huzoea upote mnene wa ngozi au mshipa, na upote wa upinde wako ni wa nyuzi za kisasa, mwembamba. Pengo likiwa pana, mshale unadondoka wakati umevuta, unaachia upote mtupu, na upinde wa mbao unaweza kupasuka mikononi mwako. Mshale uning'inie kwenye upote wenyewe bila kushikwa, na uanguke ukiugonga upote kwa kidole. Chini ya pengo pazungushiwe uzi imara na gundi, ufito usipasuke. Nenda na upinde wako kwa fundi, pengo likatwe mbele yako.

Manyoya lazima yawe ya ndege. Mishale mingi ya kaboni huja na mabawa ya plastiki, na kwenye upinde kama wako, ambapo mshale unateleza juu ya mbao au ngozi, plastiki inagonga na kuutupa mshale pembeni. Nyoya linalala, linapita, linainuka. Bata mzinga ndiye bora. Nyoya la bawa lake ni gumu na refu. Tai na kipungu waache kabisa, wamepungua mno. Matatu kwa mshale mmoja, na yote matatu ya upande mmoja wa mwili, ama bawa la kulia ama la kushoto, kwa sababu yanapinda kinyume na ukiyachanganya mshale hauzunguki. Kwa mshale wa kichwa kipana nataka urefu wa sentimita 12 na nusu, maana chembe kipana mbele kinajaribu kuwa bawa na manyoya lazima yakishinde. Adui wao ni maji. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zetu zitayalaza, basi yafunike kwa mfuko unapotembea. Ufito wenyewe uupake nta ya nyuki, ambayo mtu wa Tabora hana haja ya kuambiwa ataipata wapi, na upote nao uupake.

Chembe cha msumari kiulize maswali mawili. Kimenyooka na ufito? Uzungushe mshale ukisimama kwa ncha kwenye kucha ya dole gumba. Ukitetemeka, kichwa kimekaa upande. Kina ndoana zinazorudi nyuma? Kama zipo, kikatae. Ndoana zilitengenezwa ili sumu ibaki mwilini, na bila sumu zinabaki kumtesa mnyama aliyekimbia. Unataka makali mawili, laini, yanayonyoa nywele za mkononi. Kwa mazoezi fundi akupe vichwa butu vya uzito uleule.

Kama fundi hana cha kukufaa, ndipo uagize kaboni tatu za 500, zisizokatwa, na vichwa vya mazoezi vya uzito tofauti. Kila ikigonga kitu kigumu, ishike ncha zote mbili, ipinde kidogo huku ukiizungusha karibu na sikio. Ukisikia mchakacho wowote, ivunje mwenyewe vipande viwili uitupe. Vibanzi vya kaboni ndani ya nyama ya mkono ni kazi ngumu kwa daktari.

Ukishapata mitatu, ya mti au ya kaboni, mmoja uuache bila manyoya. Simama hatua kumi na tano kutoka kwenye gunia, nyuma yake pawe na kichuguu au ukingo wa udongo usiopitisha mshale kwa watu, mbuzi wakiwa mbali. Piga miwili yenye manyoya, kisha ule mtupu, ukilenga pale pale. Rudia mara tano, siku isiyo na upepo. Halafu niandikie: ule mtupu umeangukia kushoto au kulia ya wenzake, kwa sentimita ngapi, mshale una urefu gani na kichwa chake kina gramu ngapi, na alama ya kalamu ya mwenzako imesoma inchi ngapi. Ukiwa kushoto tutaongeza kichwa. Ukiwa kulia tutakata robo inchi, kidogo kidogo. Ukiungana na wenzake, rudi kwa fundi siku hiyohiyo ukachukue tisa waliobaki kutoka kwenye rundo lile lile.